Ulezi wa Isongole, Muhogo wa Visiwani

Yako maneno mafupi ambayo hufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Katika mambo ya chakula, maneno hayo kwetu ni haya: "Sisi hatuli kile." Husemwa mezani, husemwa sokoni, na wakati mwingine husemwa hata penye njaa. Anayeyasema huamini kwamba anataja jambo la kuzaliwa nalo, lisiloweza kubadilika, kama anavyotaja kimo chake au rangi ya macho yake. Leo tumeona yafaa tuyapime maneno hayo, kwani yanatugharimu fedha za nchi na afya ya watoto, na wengi wetu tunayasema bila kujua yametoka wapi.

Tutaanzia mbali na bahari, katika kata ya Isongole, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Ukiiacha barabara kuu pale Mpemba, karibu na Tunduma, ukafuata lami kwa kilomita zipatazo hamsini, utafika Isongole, penye kituo cha mpaka. Mbele yako ni Mto Songwe, na ng'ambo ni Chitipa, nchini Malawi. Ileje ni wilaya ya Wandali, Walambya, Wamalila na Wanyiha, na baadhi ya makabila hayo yana ndugu wa damu ng'ambo ya mto. Ardhi yake hutoa mahindi, maharage, kahawa, ndizi na viazi.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba aweza kuuliza: yanatuhusu nini sisi mambo ya chungu cha Isongole? Yanatuhusu. Maharage na mchele wa nyanda za juu kusini huvuka bahari na kufunguliwa magunia yao Mwanakwerekwe na Chake Chake. Kijana wa Wete anayeajiriwa katika idara za Muungano aweza kupangiwa kazi mpakani, akaishi huko miaka na kula kwenye mama ntilie wa huko. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba yaliyoupata ulezi wa Isongole ndiyo yaliyoupata muhogo wetu wa Visiwani. Aliye mbali hujiona vizuri zaidi katika kioo cha mwenziwe.

Zamani, katika nchi ile iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, nafaka yenye heshima ilikuwa ulezi. Ugali wa ulezi, mweusi kidogo na mzito, ndio uliomshibisha mkulima. Uji wake ulimlea mtoto, na pombe yake ilikuwapo katika posa, mazishi na kazi za ushirika shambani. Tena nafaka hiyo ina sifa ambayo wataalamu wa maghala huionea wivu: punje zake ni ndogo na ngumu, wadudu hawazipendi, na zikihifadhiwa vizuri hukaa miaka mingi bila kuharibika. Ghala la ulezi lilikuwa bima ya nyumba kabla neno bima halijafika.

Leo ulezi haujatoweka, ila umeshushwa cheo. Umebaki kuwa nafaka ya pombe na ya uji wa mtoto au mgonjwa. Katika nyumba nyingi ugali ni wa mahindi, na mwenye uwezo hutaka uwe wa sembe, yaani wa unga uliokobolewa ukawa mweupe pepe. Mgeni wa Serikali akitarajiwa, hata huo sembe huwekwa kando. Hutafutwa mchele, huchinjwa kuku, na soda hupangwa mezani. Ulezi hubaki jikoni, kana kwamba ni jamaa aliyekuja harusini bila viatu.

Je, watu wa Ileje waliamka siku moja wakauchukia ulezi? La. Ladha hiyo ilibadilishwa, na wakati mwingine kwa nia njema kabisa. Ulezi ulilimwa sana kwa kufyeka na kuchoma mapori, na palizi yake ni ya kuvunja mgongo. Watu walipoongezeka, na vijiji vilipokusanywa katika miaka ya 1970, mapori mapya ya kufyeka yalipungua. Wakati huohuo nchi ilipatwa na upungufu mkubwa wa chakula uliofuatia ukame wa mwaka 1973 na 1974, na Serikali ikaona kwamba wokovu uko kwenye mahindi. Ikatafuta mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Ikaweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, hata mkulima wa mpakani akauza kwa bei ileile ya mkulima aliye karibu na Dar es Salaam. Nyanda za juu kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa za wakati ule, zikawa ghala la taifa. Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua, likakoboa, likasaga, likagawa sembe mijini.

Hatusemi kwamba ilikuwa kosa. Mahindi yaliwatoa wengi katika njaa na yaliwapa wakulima wa nyanda za juu fedha ambazo ulezi haukuwapa. Mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame mkali, Tanzania ilikubaliana nayo kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Nchi iliyowahi kupanga foleni za unga sasa yaweza kumlisha jirani, na hilo ni jambo la kujivunia. Tunachosema ni kwamba ladha ya leo ya Isongole ilijengwa na bei, mbegu, mbolea na kinu. Haikushuka kutoka mbinguni.

Hata weupe wa unga una historia yake, nayo si ndefu kama tudhaniavyo. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa Pwani yetu baada ya kufika Wareno, nayo yalikuwa ya rangi nyingi: manjano, mekundu, ya madoadoa. Mapenzi ya mahindi meupe yalienea kusini na mashariki mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipoanza kulima kwa ajili ya kuuza nje, na viwanda vya wanga vya Uingereza vikapendelea mahindi meupe. Bei ya soko la ng'ambo ikageuka kuwa amri ya shamba, na amri ya shamba baada ya vizazi viwili vitatu ikawa ladha ya nyumbani. Mjukuu sasa anaapa kwamba babu zake hawakula kamwe mahindi ya manjano.

Wasomaji wenye umri wanakumbuka unga wa manjano wa miaka ya njaa, ulioletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Watu waliupachika jina la "unga wa Yanga", kwa kufananisha rangi yake na jezi za klabu hiyo ya Dar es Salaam. Uliliwa kwa manung'uniko. Walisema unanuka, walisema ni chakula cha mifugo, na mashabiki wa Simba nao walikuwa na malalamiko yao ya ziada. Kenya nayo iliagiza mahindi ya manjano katika ukame wa mwaka 1984, na manung'uniko yakawa yaleyale. Lakini ukweli wa lishe ni kwamba mahindi ya manjano yana kiini cha vitamini A, inayolinda macho na kumkinga mtoto na maradhi, na mahindi meupe karibu hayana kabisa. Tulikikataa kile chenye faida zaidi kwa sababu kilitufikia kikiwa kimevaa sare ya njaa na msaada.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Chakula hukataliwa mara nyingi si kwa ladha yake, bali kwa kumbukumbu na hadhi iliyofungwa nacho. Kilicholiwa wakati wa shida huitwa chakula cha shida. Kilicholiwa na maskini huitwa chakula cha kimaskini. Na mtu akipata senti chache, jambo la kwanza analofanya ni kukikimbia, ili majirani wajue kwamba ametoka huko.

Gharama ya kukimbia huko ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Songwe walikuwa karibu 32. Iringa, mkoa unaosifiwa kwa mahindi, walikuwa zaidi ya 56. Mikoa inayoilisha nchi ndiyo iliyo na watoto wengi waliodumaa! Kiongozi yeyote anayesoma maneno haya tunamwomba ayasome mara ya pili.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Udumavu hauna sababu moja. Maji yasiyo salama, maradhi, na mama anayeshinda shambani asipate nafasi ya kumlisha mtoto mara tatu kwa siku, yote yanahusika. Lakini limo pia suala la chungu chenye kitu kimoja. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini, kisha pumba hizo hupewa kuku na nguruwe. Maharage yaliyolimwa hapohapo huuzwa yote ili ipatikane fedha, na mayai vilevile. Katika baadhi ya nyumba za nchi yetu mwanamke mjamzito bado huambiwa asile mayai, ingawa ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Na ulezi, ambao una kalsiamu ya kujenga mifupa mara nyingi kuliko mahindi na mchele, umeachiwa mtungi wa pombe.

Na huku tunaudharau, wenye maduka ya mijini wameuokota. Unga wa ulezi hutiwa kwenye mifuko ya kupendeza, ukaandikwa "lishe", ukauzwa kwa bei ambayo mkulima aliyeulima haiwezi. Unga wa dona, uliokuwa alama ya umaskini, sasa huagizwa na daktari kwa mgonjwa wa kisukari mwenye gari. Kitu kilekile ni aibu kijijini na ni fahari mjini. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Leo tunauza mbachao kwa bei ya chini, kisha tunaununua tena kwa bei ya juu.

Sasa na tuvuke bahari, maana ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba hotuba hii ni ya watu wa milimani peke yao.

Hapa kwetu mfalme ni mchele. Mzanzibari aliyekula muhogo mchana kutwa, akiulizwa kama amekula, aweza kujibu kwamba bado, kwa kuwa hajaonja wali. Lakini sehemu kubwa ya mchele tunaoula hatuulimi. Yapo mabonde ya Cheju na Kibokwa, na zipo juhudi za umwagiliaji zinazostahili pongezi, walakini mapenzi yetu ni makubwa kuliko mabonde yetu. Tumeweka tumbo letu rehani katika nchi za mbali, na mara kwa mara mwenye rehani hutukumbusha.

Alitukumbusha mwaka 1942, Japani ilipoiteka Burma, iliyokuwa ikitulisha, na mchele ukawa wa mgao. Wazee wakarudi kwenye muhogo, mtama na mahindi. Tulikumbushwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serikali ya Visiwa ilipopunguza mno uagizaji wa chakula kwa azma ya kujitegemea. Na hivi karibuni, mwezi Julai 2023, India, nchi inayouza mchele mwingi kuliko nyingine zote duniani, ilizuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Bei zilipanda duniani kote, na mama wa Micheweni ambaye hajui Delhi iko upande gani akalipa gharama ya uamuzi uliofanywa huko.

Katika dhiki hizo zote aliyetuokoa ni muhogo. Humea katika udongo wa mawe ambako mpunga hauoti, hustahimili jua, na hungoja ardhini mpaka mwenyewe auhitaji. Malipo yake yamekuwa ni dharau. Kwa kuwa ulikuwapo siku za foleni na mgao, umeandikwa katika daftari ya siku mbaya, na tulipotoka katika siku hizo tulitaka kuusahau pamoja nazo.

Lakini hebu tutazame mwezi wa Ramadhani. Muhogo uleule, uliodharauliwa Shaabani, hupanda daraja jua la kwanza la mfungo likizama. Hupikwa kwa nazi, ukawekwa katikati ya sinia pamoja na viazi vitamu, majimbi, ndizi na mashelisheli, na asiyeupata huona futari yake imepungua. Sokoni bei yake hupanda na hakuna anayesema ni chakula cha kimaskini. Je, ladha ya muhogo hubadilika kwa kuandama mwezi? Haibadiliki. Kinachobadilika ni cheo tulichoupa. Na ikiwa twaweza kuupa cheo kwa siku thelathini, twashindwaje kuupa hata siku mbili za kila juma katika miezi kumi na mmoja iliyobaki?

Hapo tunapaswa kusema neno kuhusu kuchekana. Mtu wa Isongole huwapenda kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, wadudu hao wakaruka kutoka ardhini, watoto hukimbia kuwakusanya. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, nao ni chakula chenye nguvu. Mtu wa Visiwani akisikia hukunja uso. Lakini mwambie huyo wa Isongole kwamba wewe unakula pweza, mnyama wa mikono minane anayetolewa pangoni kwa mti, naye atakutazama kama mtu aliyepagawa. Kila mmoja humwonea mwenziwe kinyaa kwa kipimo kilekile, na kila mmoja anaona kinyaa chake ndicho chenye akili.

Pweza huyo naye ana funzo. Kulikuwa na wakati alipokuwa chakula cha wanawake waendao mwambani maji yakipwa, akianikwa na kuliwa nyumbani. Siku hizi hoteli za watalii na wanunuzi wa nje wanamgombania, na bei yake imepanda mpaka baadhi ya wanaomvua hawamudu kumla. Dagaa wanaokaushwa Kama na Mangapwani nao hununuliwa na wafanyabiashara wa Kongo, hali baadhi ya vijana wetu wanaona haya kuonekana wakila dagaa. Chakula chetu kina thamani machoni pa watu wote isipokuwa sisi.

Tufahamiane vyema. Mambo ya dini ni mlango mwingine, na hatuugusi. Mwislamu anapokataa nguruwe hafuati dharau bali amri ya Mola wake, na mwenyeji wake wa Isongole, awe wa dini yoyote, anapaswa kuiheshimu amri hiyo bila mzaha. Vilevile tumbo lisilovumilia chakula fulani lina haki zake. Tunachokipinga ni mwiko wa tatu, usioandikwa katika kitabu chochote wala kuthibitishwa na daktari: mwiko wa fahari.

Watakuwapo watakaotuuliza: mnataka Serikali iamuru watu wale nini? Hatutaki hata kidogo. Miaka ya mgao ilitufundisha kwamba chakula kilichoamriwa huchukiwa hata kikiwa kitamu, na chuki hiyo hurithiwa. Wengine watasema kwamba ni rahisi kusifia ulezi kwa kalamu, ila mwenye kuupalilia ni mwanamke, ambaye tayari kazi zake zimemzidi. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi tunaikubali. Mkulima aliyeuacha ulezi hakuwa mjinga. Alipima jasho lake na bei yake, akaona haviwiani. Basi anayetaka ulezi urudi na aanze na bei na jembe, si na mahubiri.

Mfano wa jinsi ya kufanya tunao, tena karibu. Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne, wakiwamo Dakta Robert Mwanga wa Uganda na Dakta Maria Andrade, mzaliwa wa Cape Verde aliyefanya kazi Msumbiji, na watatu kati yao walitunukiwa kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A kwa wingi. Mwanzoni watu walizoea viazi vyeupe vyenye unga mkavu, na vile vya chungwa vilikuwa na majimaji. Wataalamu hao hawakuwatukana walaji. Walirudi shambani, wakazalisha mbegu zilizofaa hali ya hewa na zilizo na ukavu unaopendwa, kisha wakavitangaza kwa nyimbo, kwa redio na kwa magari yaliyopakwa rangi ya chungwa. Walimfuata mlaji alipo, nao wakasikilizwa.

Nchi yetu nayo si ngeni katika kazi hiyo. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1975 kampeni ya redio ya "Chakula ni Uhai" iliwakusanya wananchi katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakapanda bustani na kufuga kuku. Hapakuwa na simu za mkononi wala televisheni vijijini. Palikuwa na redio moja chini ya mwembe na watu waliotaka kusikia.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa viongozi na watumishi wa Serikali, Bara na Visiwani, katika mambo manne.

Kwanza, waanze na meza zao. Siku ya ziara ya kiongozi Isongole, uji wa ulezi, ugali wa dona, maharage na mboga za majani viwe mbele, tena bila kuombewa radhi. Katika mikutano ya Unguja na Pemba, muhogo wa nazi na mashelisheli vichukue nafasi ya mikate ya ngano tunayoiagiza. Mwananchi hatazami hotuba ya kiongozi, hutazama sahani yake. Kiongozi akila kwa furaha, chakula hicho kimepewa cheo bila waraka wowote.

Pili, shule. Ladha hujengwa utotoni. Palipo na chakula cha mchana shuleni, uji uwe na ulezi ndani yake na makande yawe ya mahindi yasiyokobolewa. Walimu nao waache kutumia vyakula vya nyumbani kama mfano wa ushamba.

Tatu, soko na mashine. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye maghala yake Vwawa, hununua zaidi mahindi. Utazamwe uwezekano wa kununua ulezi pia, kwa kuwa nafaka inayokaa miaka mingi bila kubunguliwa ni rafiki wa ghala. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga uongezwe virutubishi, lakini mashine ndogo za vijijini, ambako ndiko wengi wanakosaga, ni vigumu kuzifikia. Basi wenye mashine hizo wasaidiwe kwa vifaa na mafunzo kabla ya kutishwa kwa faini.

Nne, utafiti umsaidie mkulima jasho. Kituo cha Uyole, Mbeya, kimeipa nchi mbegu nzuri za mahindi. Tungependa kuona bidii ileile ikielekezwa kwenye palizi na upuraji wa ulezi, na vituo vya Zanzibar vikiendelea kutafuta mihogo inayostahimili maradhi na inayopendeza mdomoni. Mbegu isiyoliwa kwa hamu haitapandwa mara ya pili.

Kwa wananchi wenzetu neno letu ni fupi. Hatuwaombi wa Isongole wale pweza, wala wa Pemba wale kumbikumbi, ingawa atakayejaribu hatadhurika na huenda akaomba aongezwe. Wala hatuwaombi waache wali. Wali ni mtamu, nasi tunaupenda. Tunaomba tu kwamba kabla ya kusema mbele ya mtoto, "sisi hatuli kile," mzazi ajiulize ni nani aliyetufundisha kutokula, kwa sababu gani, na ni nani anayefaidika. Mtoto anasikia, naye atayarudia maneno hayo kwa wajukuu zetu kama urithi.

Bibi wa Ileje aliyeweka ulezi ghalani alijua kwamba mwaka mbaya utakuja, ila hakujua ni upi. Bibi wa Makunduchi aliyeacha mihogo ardhini alijua vivyo hivyo. Mwaka huo mbaya utarudi, kwa ukame au kwa amri ya nchi ya mbali, na utatukuta tukiwa na kimoja kati ya mambo mawili: chakula tunachokijua na kukipenda, au meli tunayoingoja.